Nani Atawafukuza Ndege

Ikutha, Kitui
27 Januari 1974

Kaka Nzomo,

Salamu zangu zimechelewa kwa sababu kalamu ilikuwa shuleni. Siku hizi kila kitu changu kiko shuleni. Tangu serikali itangaze kwamba madarasa ya chini ni bure, mwanangu Ndinda na wadogo zake wote wameenda, na watoto wa majirani pia. Asubuhi kijiji kinanyamaza kabisa. Nimefurahi, usidhani nalalamika. Mimi niliishia darasa la nne, na kila nikikuandikia barua naona mahali nilipoachia.

Lakini mawele ya Mwaitu, mama yetu mpenzi, yameanza kujaa maziwa na hakuna mtoto hata mmoja wa kukaa ulingoni. Ndege wameshajua. Wanakuja wale wadogo wenye midomo myekundu, kundi zima linatua kama blanketi, na likiinuka limeacha mabua matupu. Jana nilipanda ulingo mwenyewe, mama mzima na kiuno changu hiki. Nikakalia upande wangu, nikauacha wako wazi. Unakumbuka zile kamba za katani tulizofungia madebe, ukivuta moja shamba zima linalia? Na kombeo lako ulilompigia mbuzi wa baba badala ya ndege? Mwaitu alikuwa akituletea uji, anasimama chini anauliza, "Nani analala huko juu?" Nawe unajibu upesi, "Syokau!" Na mimi ndiye niliyekuwa nimepiga kelele tangu alfajiri, wewe umejikunja unakoroma.

Shamba hilo ni lako kwa haki, mimi ni dada aliyeolewa ng'ambo ya pili ya kilima na ninalishika tu kwa niaba yako. Wewe umesomea kilimo na umevaa sare. Basi niambie serikali imepanga nani atawafukuza ndege.

Jambo jingine. Kwa kuwa umeoa, nimemtumia Nzilani kibuyu chake cha mbegu. Mwaitu angempa kwa mkono wake kama angekuwepo. Unajua kwetu kibuyu hicho ni cha mwanamke, wewe usikifungue. Nimechagua masuke mazuri, nimeyakausha juu ya moshi, nimechanganya mbegu na jivu na kuziba kwa nta. Mwaitu aliomba kitu kimoja kabla hajafunga macho, mawele yake yasiishe. Yakiwa kwangu na kwenu, mmoja akipata mwaka mbaya, mwenzake anayo.

Dada yako,
Syokau

*

Mbumbuni
18 Februari 1974

Kwa dada Syokau,

Barua yako nimeipata na yaliyomo nimeyaelewa.

Kuhusu ndege, jibu lipo na ni rahisi. Ng'oa mawele. Panda mahindi ya Katumani ambayo tunawapa wakulima wote wa eneo hili. Yanakomaa upesi kabla mvua haijakata, na kila gunzi limevaa koti lake, ndege hana njia. Watoto watasoma na wewe utapumzisha hicho kiuno. Mawele ni ya wakati ule, dada. Mimi mwenyewe nazunguka na baiskeli nikiwaeleza watu hivyo, na wanaopanda mahindi wanakula ugali mweupe.

Nzilani amepokea kibuyu na ameshukuru sana. Tutapanda mvua zikinyesha.

Ulingo naukumbuka. Nilikuwa silali, nilikuwa nafikiri.

Wako,
Nzomo

*

Ikutha
3 Julai 1977

Kaka mwenye kufikiri,

Nimepanda mahindi yako. Mwaka wa kwanza tulishangilia, wa pili tulivuna, huu wa tatu mvua imekatika yakiwa yanatoa ndevu na tumelisha ng'ombe mabua. Silaumu mtu. Lakini nimebakiza kipande cha mawele pale karibu na ulingo, kinachotosha kujaza kibuyu tena kila mwaka, kwa sababu ya neno la Mwaitu.

Ndege bado nawafukuza mwenyewe. Nilikosa kanisani mpaka Mchungaji Jonah akaja shambani kuniuliza kama nimerudi nyuma katika wokovu. Nikamwambia apande aone. Alipanda, na viatu vyake vyeusi, na baada ya muda nikasikia anavuta madebe kwa nguvu zake zote na kupiga kelele ambazo mimbarini hajawahi kupiga. Wokovu wangu hakuuliza tena.

Mawele yenu ya Mbumbuni yanaendeleaje? Hujawahi kuyataja hata mara moja.

Syokau

*

Mbumbuni
15 Agosti 1977

Dada,

Mawele yamestawi. Nzilani anayaangalia vizuri.

Nimecheka sana habari ya Mchungaji. Nilimsomea Nzilani akacheka mpaka akamwamsha mtoto. Kazi ni nyingi, kuna semina ya pamba nakwenda kesho. Nimetamani kuja nyumbani wakati wa mavuno lakini sijui nitapata likizo lini.

Nzomo

*

Kibwezi
2 Septemba 1984

Dada Syokau,

Tangu nihamishiwe hapa Kibwezi sijaona mwaka kama huu. Watu wa huku wameipa njaa hii jina, nafa na pesa mkononi, kwa maana ukienda dukani na noti yako hakuna cha kununua. Sisi wafanyakazi tunapimiwa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Watoto wanayakunjia pua lakini wanakula.

Shemeji Mbuvi alipita hapa na nilimpa gunia moja la mahindi meupe nililokuwa nimeliweka. Nilimwambia akivuka daraja la Athi aende polepole, kwa sababu chakula hakiruhusiwi kuvuka wilaya bila kibali, na kibali chenyewe nimekiomba tangu Juni. Mimi mtu wa kilimo nimenyimwa ruhusa ya kumtumia dada yangu chakula. Lilifika salama? Kama lilifika, nitafute jingine nilete mwenyewe na gari la ofisi. Nijibu haraka, silali vizuri.

Nzomo

*

Ikutha
9 Septemba 1984

Kaka yangu,

Gunia limefika. Mahindi ni mazuri, meupe, hayana mdudu. Watoto wameshiba na wanakusalimu. Asante.

Usitume jingine. Usije na gari la ofisi, nakuomba kwa jina la Mwaitu. Wewe ni mtu wa sare, wakikukuta darajani na gunia utafukuzwa kazi na tutakuwa na nyumba mbili zenye njaa.

Sasa nijibu jambo moja kabla ya mengine yote. Mawele yenu yapo?

Syokau

*

Kibwezi
14 Septemba 1984

Dada,

Nimefurahi sana kwamba lilifika. Nimelala usingizi leo.

Yapo.

Nzomo

*

Kibwezi
22 Agosti 1985

Mpendwa dada,

Keti kabla hujasoma. Tulikuwa na mkutano mkubwa wa kilimo, wakubwa wamekuja mpaka na wageni. Wamesema njaa ya mwaka jana imetufundisha, na sasa nchi yote kavu ya Ukambani irudie mawele na mtama, kwa kuwa yanavumilia. Mkubwa wangu, yuleyule aliyenipa baiskeli nikawaambie watu wang'oe, alisimama mbele yetu akasema mawele ni hazina ya wazee wetu. Nilitazama viatu vyangu.

Shida ni kwamba mbegu ya kienyeji hakuna. Tumezunguka masoko yote, Tawa, Mbumbuni, mpaka huku. Watu walikula mbegu mwaka jana au waliacha kupanda zamani kwa sababu ya maneno yetu. Ndipo mkubwa akauliza nani anajua mahali pa kupata. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema dada yangu Ikutha ana mawele ya mama yetu, anayapanda kila mwaka bila kukosa. Watu walipiga makofi, dada. Kwa ajili yako.

Nitumie kibuyu kimoja kabla ya mvua za Novemba.

Nzomo

*

Ikutha
1 Septemba 1985

Nzomo,

Nimeketi kama ulivyoniambia, na bado nimeketi.

Hakuna mbegu. Zilikwisha mwaka jana, mwezi kama huu. Gunia lako halikufika. Mbuvi alilifikisha darajani, wakamshusha, wakalichukua, akatembea mpaka nyumbani mikono mitupu. Nikakuandikia kwamba limefika kwa sababu nakujua. Ungekuja na gari la ofisi na wangekukamata.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa haamki tena asubuhi. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya moto, nami nakitazama kila ninapopuliza makaa. Nilikuuliza mawele yenu yapo, ukanijibu neno moja, yapo. Nililisoma barua mkononi, nikakishusha kibuyu, nikapepeta jivu, nikasaga, nikapika uji. Nililia nikiupika, lakini sikuogopa, maana nilijua mawele ya Mwaitu yako kwako. Mtoto aliamka. Leo anasumbua watu hapa nje.

Mvua zilipokuja nilipanda mahindi tuliyogawiwa. Mwaka mzima nimekuwa nikitafuta njia ya kukuomba mbegu bila kukueleza haya. Sasa wewe ndiye unayeniomba mimi? Hayo yenu yaliyostawi yako wapi, Nzomo? Mwaitu aliomba kitu kimoja tu. Niambie hatujakipoteza.

Syokau

*

Kibwezi
12 Septemba 1985

Wifi yangu Mama Ndinda,

Usishangae kuona mwandiko wangu, tangu niolewe salamu zangu amekuwa akikuletea kaka yako. Leo hawezi. Alisoma barua yako mezani, akaikunja, akatoka nje kusimama karibu na zizi, na aliporudi hakula. Nilimwomba nisome nikasoma.

Wifi, sisi hatukupanda. Hata mara moja. Nitakueleza ilivyokuwa ukasirike vizuri. Kibuyu chako kilipofika Mbumbuni nilikuwa bibi arusi, nikakipokea kwa mikono miwili. Mvua ziliponyesha nikamwambia Nzomo nataka kupanda mbegu ya mama mkwe wangu. Akasema, "Asubuhi nawaambia watu wang'oe mawele, na jioni wapite wakuone wewe ukiyapalilia? Ngoja kidogo. Syokau anapanda kila mwaka, yetu hayana haraka." Tukangoja. Halafu ulipouliza aliona aibu, akaandika yamestawi. Nilimwambia hiyo siyo barua ya kuandika. Akasema mwaka ujao tutapanda iwe kweli. Unajua mwaka ujao wa wanaume.

Kwa hiyo wewe ulikula zako ukitegemea zetu, na sisi tulilaza zetu tukitegemea zako. Nimeyafikiria hayo mpaka kichwa kimeuma.

Lakini sikiliza. Kibuyu sikukifungua. Kimening'inia juu ya moto wangu tangu siku ile, nta yako bado iko. Tulipohamia Kibwezi vyombo vyote viliwekwa nyuma ya lori na kibuyu nilikipakata mimi. Mwaka jana unga ulikwisha hata hapa, nikakitazama kama ulivyotazama chako. Tofauti yetu ni kwamba mtoto wangu mimi hakuacha kuamka. Sikuwa na nguvu kukushinda, nilikuwa na bahati.

Jana nilikifungua. Nilisema maneno machache kwanza kwa mama mkwe ambaye sikuwahi kumwona. Nikachukua kiganja kimoja, nikafunga kwenye kitambaa kibichi, nikaweka karibu na jiko. Leo nimefungua nikatazama. Nyingi zimelala tu, wifi, zimezeeka. Lakini nyingine zimetoa mkia mweupe.

Nikamwita Nzomo akatazama. Mkubwa wake anazingoja ofisini, wana shamba la maonyesho karibu na mto lenye maji ya mfereji na waya pande zote. Nikamuuliza zinaenda ofisini au Ikutha. Akazifunika tena kwa kitambaa. Akasema, "Ikutha. Ofisi itapata watoto wake." Kisha akasema yeye hawezi kukuandikia.

Naja nazo mwenyewe kabla ya mvua. Niwekee chai.

Wifi yako,
Nzilani

*

Ikutha
17 Novemba 1985

Kaka,

Mke wako amefika, amekaa, tumepanda pamoja, na Alhamisi mvua ikanyesha juu ya kazi yetu. Utampata Jumatatu. Nilikuwa nimepanga kutokuandikia mpaka Krismasi lakini ninayo habari moja nisiyoweza kuikalia.

Pale darajani walisimamisha basi, watu wote wakashuka na mizigo ikafunguliwa. Nzilani alikuwa amefunga kibuyu kifuani kwa leso kama mtoto. Askari, kijana wa mbali, si wa huku kwetu, akamuuliza amebeba nini humo. Mke wako akamtazama usoni akamwambia, "Nimembeba mama mkwe wangu. Alifariki zamani, sasa anarudi nyumbani." Yule kijana akachungulia, akaona jivu. Kaka, alirudi nyuma akakanyaga mguu wa mwenzake! Wakampisha apande kwanza kuliko wote, na basi zima halikukaguliwa tena. Watu walivuka na unga wao na maharagwe yao na wakamwimbia Nzilani nyimbo za kanisa mpaka sokoni.

Tulicheka hapa jikoni, halafu nikalia, halafu tukacheka tena. Mwaitu angempenda sana. Naye Mwaitu ameingia nyumbani kwake kwa heshima kuliko sisi sote tulivyowahi kuingia.

Sasa kuhusu wewe. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikamfokea Mbuvi ambaye hana kosa. Kisha nikafikiri, ungepanda kweli kule Mbumbuni, mwaka jana yangekauka au ungewapa watu wote wakayala, na leo tusingekuwa na kitu. Sisemi ulifanya vizuri. Nasema tu kwamba sijui niweke wapi hasira yangu, basi nimeiweka chini kwa sasa nipalilie.

Yameota machache, yameachana, mtu angedhani mpandaji alikuwa amelewa. Lakini ni yale yale. Shina jekundu kidogo pale chini, unalikumbuka.

Syokau

*

Kibwezi
10 Desemba 1985

Dada yangu,

Nimeanza barua hii na kuichana mara nyingi. Nimezoea kuandika ripoti, na ripoti haina mahali pa kusema nisamehe. Basi naandika hapa. Nisamehe, Syokau. Neno lile moja niliandika nikijua kibuyu kipo juu ya moto, nikajiambia si uongo. Sikujua unauliza ukiwa na mtoto asiyeamka.

Mkubwa aliniuliza mbegu ziko wapi. Nikamwambia ziko udongoni nyumbani kwetu. Hakufurahi, lakini sasa anauliza kama wageni wanaweza kuja kupiga picha mavuno yakifika. Nimesema shamba lina mwenyewe na nitamuuliza. Nilipotamka hivyo nilikuwa nakufikiria wewe, wala si mimi, hata kama jina langu ndilo liko kwenye hati.

Kila nikitoka ofisini jioni naona wakulima waliong'oa kwa ajili ya maneno yangu. Wananisalimu vizuri, hawana kinyongo, na hiyo ndiyo inaniuma. Zamani nilifikiri nyumbani ni mahali nilipotoka. Siku hizi nikisikia debe likigongwa popote nasimama. Natamani kuona ile ardhi yetu nyekundu ikiwa na maji, na Mwaitu akipita katikati ya mabua akiyashika moja moja.

Nimeomba likizo ya Januari. Sijajibiwa. Na swali lako la mwaka ule, la nani atawafukuza ndege, bado sina jibu la kitaalamu.

Nzomo

*

Ikutha
19 Januari 1986

Nzomo,

Wageni wa picha waambie wangoje. Kuna wageni wengine wametangulia.

Shule zimefunguliwa juzi na kijiji kimenyamaza tena. Mawele yamejaa maziwa, na leo alfajiri nimewaona wakizunguka juu, wachache, wale wa kupeleleza. Unawajua. Kesho wataleta ukoo mzima, na mwaka huu kila suke ni mbegu, hakuna hata moja la kuwaachia. Nikifukuza upande wa mto wataingia upande wa kilima. Shamba hili halijawahi kufukuziwa ndege na mtu mmoja.

Mbuvi ametengeneza ulingo upya. Ameweka ngazi ndefu kidogo, iliyolala, kwa sababu Nzilani alimwambia goti lako linauma siku hizi. Madebe nimefunga mimi, kwa katani, kama yetu. Sare iache Kibwezi. Likizo wakikunyima, mwambie mkubwa wako dada yako ameuliza ni nani mwingine serikali itamtuma.

Leo mchana nilikuwa nimechoka, nikashuka kuchukua uji. Niliporudi nikasimama chini, na sijui kilichonipata, nikajikuta nauliza kwa sauti, "Nani analala huko juu?"

Nikangoja. Hakuna aliyejibu "Syokau".

Njoo.

Dada yako,
Syokau